Kibindo, Fundo na Mfuko wa Ndani

Katika ofisi yetu hapa Wabera, mjini Isiolo, mimi hukaa nyuma ya meza ndefu ipokeayo watu tangu saa mbili ya asubuhi. Kazi yangu ni ya kuandika tu, wala haina sifa kubwa. Lakini imenizoeza jambo moja ambalo walimu wangu wa misheni hawakunifundisha, nalo ni kutazama mtu atoa wapi karatasi zake. Mwenye suruali hutia mkono mfukoni, mambo yakaisha. Mzee aliyevaa kikoi hugeuka kando kwa adabu, akalegeza mkunjo wa kiunoni, akatoa kitu kilichofungwa katika mfuko wa nailoni, na ndani yake kingine, na ndani ya hicho kingine tena. Mama wa Kiborana hupapasa pindo la mtandio wake mpaka vidole vikutane na fundo, kisha hulifungua kwa meno. Kijana wa Kisamburu huvuta uzi shingoni, kikatokea kifuko cha shanga chenye simu. Tena yuko mama aliyevaa dera, ambaye huniomba nitazame dirishani kidogo. Nami hutazama dirishani.

Wasomaji walio wakulima, na hata makarani wenzangu wavaao koti lenye mifuko minne, huenda wakasema kwamba hili ni jambo dogo la kuandikwa gazetini. Nami nilidhani hivyo mpaka siku alipokuja mzee mmoja mfugaji, ambaye jina lake sitalitaja.

Mzee huyo alikuwa ameuza mbuzi, na mnunuzi akamlipa kwa njia ya simu, kama ilivyo desturi siku hizi. Akapanda juu ya lori ili aje mjini. Katika mkunjo wa kikoi chake alikuwa ameweka vitu vitatu: kitambulisho chake, simu yake ndogo, na kikopo cha ugoro. Njiani akasinzia, lori likarukaruka katika makorongo, na mkunjo ukalegea. Alipofika kwenye kizuizi cha askari akaulizwa kitambulisho, akatia mkono kiunoni, akapata ugoro peke yake.

Sasa tazameni jinsi shida ilivyofungamana. Fedha zake zote, shilingi elfu thelathini na nane, zilikuwa ndani ya simu, yaani katika namba yake. Ili apewe kadi nyingine ya simu yenye namba ile ile, sharti aonyeshe kitambulisho. Ili apate kitambulisho cha badala, sharti alipe ada, na ada hulipwa kwa simu. Ada yenyewe si ile ya zamani. Mwaka 2023 ilikuwa shilingi 100, na mwaka 2024 ikapandishwa kuwa shilingi 1,000. Mzee alikuwa tajiri kuliko mimi asubuhi ile, na hakuwa na nauli ya kurudi kwake. Nalo pengo lenyewe lilikuwa upana wa vidole vinne tu, mahali mkunjo wa nguo ulipoachia.

Basi tangu siku ile nimeuchunguza mkunjo huo. Kwa Kiswahili una jina lake zuri, kibindo, nasi twasema mtu ametia fedha kibindoni hata kama amezipeleka benki. Wazee wa pwani waliojifunga shuka au kikoi walijua kibindo kabla hawajajua mfuko wa kushonwa. Hapa Isiolo, vazi ambalo Wasomali huliita macawis hufungwa kwa namna hiyo hiyo: nguo hukazwa kiunoni, upande mmoja ukapindwa juu ya mwingine, kisha ukingo wote hukunjwa kwa nje mara mbili au tatu. Fedha ikiwekwa katika mkunjo wa kwanza na kufunikwa na wa pili, hukaa vizuri wakati mtu atembeapo, kwa sababu tumbo lenyewe huibana. Adui wa kibindo ni kukaa kitako muda mrefu na kulala. Mtu aketipo tumbo hulegea, na nguo hulegea nalo. Naye mzee wetu alikuwa amekaa juu ya lori kwa saa nyingi.

Fundo la leso lina nguvu zaidi. Mama hukunja noti mara nne, huiweka karibu na pembe ya leso, huisokota pembe, kisha hufunga fundo moja na kuchomeka pindo hilo kifuani au kiunoni. Mwizi hawezi kulifungua bila mwenyewe kujua. Ubaya wake ni jasho na ufuaji. Nimepokea hati za kuzaliwa zilizofuliwa pamoja na leso mpaka wino ukawa kama wingu, na kijitabu cha kliniki cha mtoto ambacho ukurasa wa chanjo ulikuwa umegandamana na ukurasa wa uzani. Mama yule hakuwa mzembe. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni na dumu la maziwa ya ngamia mkononi, akielekea kwenye magari yapelekayo maziwa Eastleigh, Nairobi. Angeiweka wapi karatasi?

Watu wa nchi hizi hawakungoja fundi cherehani ili wajue kuchukua vitu. Mzee wa Kiturkana hushika mkononi kigoda kidogo, ambacho kwao huitwa ekicholong. Ni kiti mchana na mto usiku, nacho kina kamba ya kukishikia. Kisu huwekwa katika ala na ala hufungwa kwenye mkanda. Ugoro hutiwa katika kikopo au kipembe na kuning'inizwa shingoni, na zamani wako waliokiweka kikopo chao katika tundu la sikio lililopanuliwa tangu ujana. Kwetu Meru, bibi yangu alichukua kila kitu katika kiondo, mkanda wake ukipita juu ya kipaji cha uso. Mikono yake ikawa huru, akatembea huku akisuka kiondo kingine.

Hata serikali ya kikoloni ilipaswa kufikiri habari ya mtu asiye na mfuko. Wasomaji walio wazee wanakumbuka senti za Afrika ya Mashariki zenye tundu katikati: senti moja, senti tano na senti kumi. Thumni na shilingi hazikuwa na tundu. Wazee husimulia kwamba tundu lile lilikuwa la kupitishia uzi, na hakika ndivyo watu walivyofanya: walizitunga kama shanga, wakajifunga kiunoni au wakajivika shingoni, na mtu akitaka kununua chumvi alifungua uzi akahesabu. Kenya ilipoanza kutoa fedha yake mwaka 1966, sarafu zake hazikuwa na tundu tena. Nadhani mwenye kuzichora alikuwa amevaa suruali.

Jambo jingine la serikali hiyo halikuwa la hisani. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, na kufikia mwaka 1920 ilikuwa ikitekelezwa. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi aliyehusika na sheria ile alipaswa kuwa na kipande, chenye alama ya vidole vyake na habari za tajiri wake na mshahara wake. Kwa kuwa hakuwa na mfuko, karatasi ile ilitiwa katika kibweta cha madini na kuvikwa shingoni kwa kamba. Watu wakakifananisha na kengele ya mbuzi, wakakichukia kwa haki. Mpango ule uliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini jina limebaki. Mpaka leo Wakenya wengi huita kitambulisho kipande. Hata hivyo, nisemeapo mbele ya meza yangu, kibweta kile kilikuwa na sifa moja tu: karatasi haikuloa.

Huku kaskazini kitambulisho kina uzito wa peke yake. Kwa miaka mingi vijana wengi wa sehemu hizi walipoomba kitambulisho cha kwanza walifikishwa kwanza mbele ya baraza la kuwasaili, jambo ambalo wenzao wa sehemu nyingine hawakulijua, na mwezi wa Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba usaili huo uondolewe. Mtu aliyepata kadi yake kwa taabu namna hiyo haioni kuwa ni kipande cha plastiki. Wadi yetu yenyewe ina jina la Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, ambaye aliuawa mwezi wa Juni mwaka 1963 pamoja na Chifu Haji Galma Dido katika siku zile za ugomvi juu ya mpaka na utaifa. Swali la nani ni wa nchi hii lilimwaga damu hapa. Kwa hiyo mzee akipapasa kiunoni mbele ya askari asipate kitu, moyo wake hushtuka kuliko wa mtu wa Nyeri.

Lakini tusidhani kwamba shida hii ni ya watu weusi au ya watu maskini. Mwaka 1991 katika milima iliyo mpakani mwa Austria na Italia ilionekana maiti ya mtu aliyekufa yapata miaka 5,300 iliyopita, akiwa amehifadhiwa na barafu. Kiunoni alikuwa na mkanda wa ngozi wenye kifuko, na ndani yake vijiwe vya kukatia, sindano ya mfupa na uyoga mkavu wa kuwashia moto. Mskoti avaaye kilt hutundika kifuko mbele ya vazi lake kwa sababu halina mifuko. Wanawake wa Uingereza wa miaka ya 1700 walikuwa na mifuko mikubwa, lakini haikushonwa na gauni. Ilifungwa kwa utepe kiunoni chini ya sketi. Mwisho wa karne ile nguo zilipokuwa nyembamba, mifuko ile ikaonekana kama uvimbe, ndipo wakaanza kubeba vikoba mkononi. Nao Waislamu waendao Hija huvaa ihramu, ambayo kwa wanaume ni nguo mbili zisizoshonwa. Wanavyuoni wengi wameruhusu mkanda wenye kifuko cha fedha kiunoni. Mkanda huo nimeuona kwa wachuuzi wa mifugo hapa mjini, wameufunga juu ya kikoi siku ya soko, nao ndio huonekana wametulia kuliko wengine wote.

Sasa nitaje la aibu yangu. Bibi yangu, yule wa kiondo, aliweka noti zake za elfu moja katika fundo la leso ya zamani chini ya sanduku. Tarehe 1 Juni 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za zamani za elfu moja zitakoma tarehe 30 Septemba mwaka ule ule. Noti zaidi ya milioni saba hazikurudishwa mpaka siku hiyo ikapita. Tisa kati ya hizo zilikuwa za bibi. Mimi nilikuwa karani tayari, nikisoma matangazo na kuyabandika ukutani, wala sikukumbuka kumwuliza bibi ana nini katika fundo. Alilifungua mbele yangu wakati wa Krismasi ili anipe nauli.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 wengi walisema kwamba kibindo kimekwisha kazi, kwa kuwa fedha haishikwi tena. Mimi naona kazi imeongezeka. Zamani mtu alipoteza noti moja, zilizobaki zikawa nyumbani. Leo apotezaye simu hupoteza noti zote pamoja na namba za jamaa zake. Nalo dera, vazi ambalo wanawake wa mji huu hulipenda kwa joto letu, hushonwa bila mfuko hata mmoja. Niliwauliza mafundi wawili wenye vyerehani karibu na soko, wakaniambia kwamba kutia mfuko wa ndani ni kazi ya dakika chache, ila wateja hawaagizi. Nikamwambia mke wangu, naye akajibu kwamba wateja hawaagizi kwa sababu mafundi hawasemi. Dera lake la pili lina mfuko upande wa kuume, ndani, wenye kifungo.

Yule mzee tulimsaidia kwa kadiri tulivyoweza. Alikwenda polisi kuandikisha kupotelewa, mwanawe akalipa ada kwa simu yake, nasi tukangoja. Kadi ilikuja baada ya wiki saba, na kwa muda wote huo fedha za mbuzi zilikuwa hewani. Siku ya kuichukua alikuja amevaa kikoi kile kile, lakini shingoni alikuwa na kifuko cha ngozi ya mbuzi kilichoshonwa na binti yake, chenye kifuniko na kifungo cha mfupa. Akatia sahihi kwa dole gumba, akaipokea kadi, akaitazama sana picha yake, akaitia ndani ya kifuko na kukifunga. Alipofika mlangoni mkono ukamwenda kiunoni kwa mazoea, ukapapasa mkunjo, ukakuta hamna kitu. Akasimama ghafula, uso umebadilika. Kisha akagusa kifuani, akanigeukia akicheka, akatoka.