Bili imelipwa, mhudumu je? Bakshishi inavyowachanganya wasafiri wa Afrika Mashariki

Basi linaloondoka Nyabugogo jioni humfikisha abiria Kampala asubuhi. Akiunganisha safari, usiku unaofuata yuko njiani kwenda Nairobi. Kufikia hapo atakuwa ameshika sarafu za nchi tatu na ameketi kwenye meza za migahawa mitatu tofauti. Kote jambo lilelile hutokea: mhudumu analeta bili ndani ya kijalada cheusi au juu ya kisahani, anarudi nyuma hatua mbili, kisha anajifanya kutazama kwingine.

Msafiri analipa. Chenji inarudi. Aichukue yote, aache kiasi, au ainuke tu na kushukuru?

Swali ni dogo, lakini linawasumbua watu wengi wanaovuka mipaka ya jumuiya hii kwa biashara, masomo au harusi. Forodha zimeunganishwa na pasipoti ni moja, lakini hakuna itifaki iliyowahi kusema mhudumu wa mgahawa aachiwe nini. Kila mji una kawaida yake, na kawaida hizo haziandikwi ukutani.

Hata jina lenyewe halifanani. Watu wa pwani husema bakshishi, neno lililosafiri kutoka Uajemi. Kigali kuna agahimbazamusyi, ingawa kwenye meza ya brosheti utasikia zaidi habari za “fanta”. Kampala mtu huomba soda. Ukivuka kwenda Goma, au ukifika Lubumbashi, ni matabishi. Chai inaeleweka karibu kila mahali, na hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa sababu chai, soda na fanta ndiyo maneno yaleyale anayotumia askari wa barabarani au karani anayetaka hongo. Tanzania iliwahi kuwa na neno la heshima kuliko yote, takrima, hadi Mahakama Kuu ilipobatilisha mwaka 2006 vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyowaruhusu wagombea kuwakirimu wapiga kura.

Kwa hiyo si ajabu kwamba wapo wasafiri, hasa Wanyarwanda waliozoea kuambiwa kuwa huduma bora ni haki ya mteja, wanaoona haya kuacha noti mezani. Wanahisi kama wanahonga. Tofauti, hata hivyo, si ngumu kuiona. Hongo hutangulia huduma, na usipoitoa huduma haiji. Bakshishi huja baada ya sahani kuondolewa, na usipoitoa hakuna wa kukuzuia mlangoni.

Wanaotaka jibu la haraka huambiwa asilimia 10. Ni hesabu rahisi, na katika hoteli kubwa za Nairobi, Arusha au Kigali haimkeri mtu. Ila ni vizuri kujua utamaduni wa asilimia ulikua wapi. Nchini Marekani, ambako mteja hutarajiwa kuongeza asilimia 15 hadi 20, sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991. Bakshishi ndiyo inayotakiwa kumfikisha kwenye kima cha chini cha kawaida cha dola 7.25, na ikipungua mwajiri anapaswa kufidia. Kwa maneno mengine, mteja wa Marekani analipa sehemu ya mshahara, na sheria inalitambua hilo. Mtalii anapofika Musanze au Moshi na asilimia zake 20, huja nazo kutoka kwenye mfumo huo. Anayeletewa wali na maharage Nyamirambo hayumo ndani yake.

Kwetu sheria imenyamaza, na ukimya huo unamuumiza zaidi mhudumu. Nchini Rwanda kima cha chini cha mshahara kinachotajwa hadi leo ni faranga 100 kwa siku, kiwango kilichowekwa zaidi ya miaka 40 iliyopita. Sheria ya Kazi ya mwaka 2018 ilimwachia waziri jukumu la kutangaza kima kipya kwa amri, na wafanyakazi wamekuwa wakiisubiri. Uganda bado inahesabu shilingi 6,000 kwa mwezi, za mwaka 1984. Bunge la Kampala lilipitisha muswada wa kima cha chini mwaka 2019, lakini Rais Yoweri Museveni akakataa kuutia saini.

Hakuna anayelipwa faranga 100 kwa siku Kigali, wala shilingi 6,000 kwa mwezi Kampala. Hata hivyo, sheria ikiwa chini kiasi hicho, mshahara wa mhudumu unabaki kuwa mapatano kati yake na mwenye mgahawa, na wanaotafuta kazi hiyo ni wengi. Hapo ndipo bakshishi huingizwa kinyemela kwenye mazungumzo: kijana huambiwa siku ya kwanza kuwa mshahara ni mdogo, lakini “wateja wa hapa wanatoa”. Noti ya faranga 500 anayoacha mteja inalingana na siku tano za kima cha kisheria. Hesabu hiyo inachekesha kwa sekunde moja tu.

Kenya na Tanzania zina maandishi zaidi. Tanzania hutangaza kima cha chini kwa sekta, na hoteli zimo. Amri ya mishahara ya Kenya inamtaja mhudumu wa mezani kwa jina la kazi yake, na kumweka pamoja na mpishi, mchimba migodi na mkata mawe, ngazi moja juu ya kibarua wa kawaida, ambaye kima chake jijini Nairobi kilipanda kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi kuanzia Novemba 2024. Mtu aliyewahi kubeba trei saa 12 siku ya Jumamosi atakubali kuwa aliyepanga kundi hilo hakukosea sana.

Kenya pia ndiyo nchi ambayo msafiri anapaswa kuvaa miwani kabla ya kutoa pochi. Risiti ya mgahawa wa Nairobi inaweza kuwa na mistari mitatu chini ya bei ya chakula. Wa kwanza ni VAT, asilimia 16. Wa pili ni asilimia 2, ambayo wateja wengi hudhani ni ya mhudumu. Siyo. Hiyo ni tozo ya utalii, inakwenda kwenye Mfuko wa Utalii wa serikali, na mhudumu hapati hata senti. Mstari wa tatu, usiokuwapo kila mahali, ni tozo ya huduma, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10. Sheria ya VAT ya nchi hiyo imeizungumzia tozo hiyo kama mbadala wa bakshishi, na kuiondoa katika hesabu ya kodi kwa masharti kwamba isizidi asilimia 10 na igawanywe moja kwa moja kwa wafanyakazi kwa makubaliano ya maandishi na mwajiri.

Ukiuona mstari huo, umeshatoa. Unaweza kuongeza ukipenda, lakini hudaiwi. Ila swali moja la upole kwa mhudumu, “Hii inawafikia?”, linafaa kuulizwa wakati msimamizi yuko mbali. Jibu mara nyingi liko usoni kabla halijafika mdomoni.

Suala la pesa inamfikia nani limekuwa gumu zaidi tangu simu ichukue nafasi ya noti. Zamani mteja aliacha chenji juu ya kisahani na mhudumu aliikunja mfukoni. Leo Kigali mteja anapiga namba ya MoMo, Nairobi analipa kwa till ya M-Pesa, Dar es Salaam kwa Lipa Namba. Mteja mkarimu anazungusha bili ya 9,200 kuwa 10,000 na kuondoka akiwa na furaha. Zile 800 zimeingia kwenye akaunti ya mwenye mgahawa. Kuna wenye migahawa wanaozitenga na kuzirudisha jioni, na kuna wasioziona kabisa, kwa sababu kwenye mashine hakuna anayetofautisha bakshishi na bei ya samaki.

Anayetaka pesa imfikie aliyemhudumia ana njia mbili. Ya kwanza ni kulipa bili kwa simu na kuacha bakshishi kwa noti. Ya pili ni kumtumia mhudumu kwenye namba yake mwenyewe. Kenya hilo ni rahisi, kwani kutuma hadi shilingi 100 kwa M-Pesa hakuna makato. Uganda kuna ushuru wa asilimia 0.5 kila mtu anapotoa pesa ya simu kwa wakala, juu ya ada ya wakala mwenyewe, kwa hiyo shilingi 2,000 za mkononi zina uzito kuliko 2,000 za kwenye simu.

Kuomba namba ya simu nako kuna mambo yake. Wahudumu wengi wa migahawa na baa za ukanda huu ni wanawake vijana, na wapo wanaume wanaodhani noti iliyokunjwa imenunua zaidi ya shukrani. Namba iliyoombwa “nikutumie kitu kidogo” inaanza kuita saa nne usiku. Akikataa kuitoa, mteja ananuna, na msimamizi anauliza kwa nini mteja wetu wa siku zote hana furaha. Kwa binti anayetegemea bakshishi kwa nauli ya kesho, kukataa si jambo la heshima tu, lina gharama. Noti mezani, bila namba na bila maneno ya ziada, inamwondolea mzigo huo.

Kuna na gharama nyingine ambayo mteja haioni. Katika baa na migahawa mingi, kundi likinywa na kutoroka bila kulipa, bili inakatwa kwa aliyewahudumia. Glasi ikivunjika, vilevile. Anayefika nyumbani na bakshishi ya siku nzuri anaweza kuwa anafidia hasara ya siku mbaya. Ndiyo maana baadhi yao husimama karibu mno na meza yako unapokaribia kumaliza; si wote wanaosubiri zawadi.

Kwa hiyo kiasi gani? Kwa mama ntilie wa Kariakoo au kwenye kibanda cha Nairobi, hakuna. Aliyekupakulia ndiye mwenye biashara na bei ameipanga mwenyewe. Ukimwambia chenji kaa nayo, umemfanyia wema, hukutimiza kawaida. Katika mgahawa wa kawaida wa mjini, kuzungusha bili kwa noti ndogo kunatosha: faranga 500 au 1,000 Kigali, shilingi 50 hadi 100 Nairobi, 1,000 au 2,000 Dar es Salaam, 2,000 au zaidi kidogo Kampala. Penye vitambaa mezani na bili ndefu, asilimia 10 ni ya haki, kama tozo ya huduma haimo. Kwenye lodge za mbugani mara nyingi kuna kisanduku cha pamoja mapokezi, na hicho kina faida yake, kwa sababu aliyeosha sufuria naye yumo. Usione aibu kuuliza kinagawanywa lini na nani anashika ufunguo.

Chakula kikichelewa, wengi hukata bakshishi kama adhabu. Inafaa kukumbuka kuwa aliyechelewesha kuku kwa dakika 50 yuko jikoni, na huenda jiko lenyewe ni moja. Mhudumu aliyekuja mara tatu kuomba radhi amefanya kazi zaidi ya yule aliyeleta sahani kwa dakika 10.

Namna ya kutoa pia inahesabiwa. Kampeni ya huduma bora ya Bodi ya Maendeleo ya Rwanda iliitwa Na Yombi, yaani kwa mikono yote miwili, na Mnyarwanda hahitaji kufafanuliwa kwa nini. Anayepokea sahani kutoka kwa mtu aliyeishika hivyo, kisha akarusha noti mezani kama anayelisha kuku, atakumbukwa, lakini si kwa kiasi alichotoa.

Jambo la mwisho linawahusu wasafiri wanaorudi nyumbani na mifuko inayolia. Sarafu za chuma za Kenya au Tanzania haziachwi kwenye meza ya Kigali, wala za faranga Kampala. Maduka ya kubadilisha fedha hupokea noti, hayapokei chuma, hivyo mhudumu aliyeachiwa shilingi 40 za Kenya ameachiwa pambo. Itifaki ya umoja wa fedha wa Afrika Mashariki ilitiwa saini Kampala Novemba 2013, sarafu moja ikatarajiwa 2024, na sasa inatajwa 2031. Hadi hapo, chuma hicho kitabaki kwenye droo ya kaunta pamoja na vizibo na kalamu zilizokwisha wino, kikimsubiri abiria wa basi la Nairobi.