Fedha ya Machi: kwa nini ushirika ukopeshwe mapema

Mtwara na Lindi, minada ya korosho huanza Oktoba, lakini biashara ya korosho huanza miezi mingi kabla ya hapo, kimyakimya, majumbani. Mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha, mapya bado yako shambani, sare na madaftari vinadaiwa tangu Januari, na palizi inataka vibarua. Ndipo mnunuzi anapopiga hodi na fedha mkononi. Ananunua korosho ambazo mkorosho haujatoa hata ua. Kusini wanaiita kangomba. Wakulima wa kahawa wa Kagera wanaijua kwa jina la butura, na wale wa kakao huko Kyela huiita njemke. Mazao ni tofauti, mchezo ni uleule: anayeuza ana njaa, anayenunua hana haraka.

Tupige hesabu ya mfano. Mkulima anapewa shilingi 100,000 mwezi Aprili kwa ahadi ya kilo 100. Oktoba kilo inauzwa mnadani shilingi 2,500, na baada ya makato angebaki na 2,200. Maana yake amekabidhi mzigo wa shilingi 220,000 kulipia deni la 100,000. Kwa miezi sita amelipa riba ya asilimia 120. SACCOS inayotoza asilimia 2 kwa mwezi ingemdai riba ya shilingi 12,000 tu. Tofauti ya riba hizo mbili, shilingi 108,000, ni bati kadhaa za kuezekea, au matibabu ya mtoto. Zidisha kwa kaya za kijiji kizima, utaona fedha ambayo ingepita kwa fundi, kwa mwenye duka na kwa mama ntilie, sasa imehamia mjini mfukoni mwa mtu mmoja.

Kwa hiyo mtu akiuliza faida ya kuukopesha ushirika ni nini, jibu liko kwenye kalenda. Mkulima mdogo anahitaji fedha katika miezi ambayo hana cha kuweka rehani. Benki inataka dhamana, naye ana shamba la kimila na mikorosho aliyoachiwa na babu yake. Chama chake ndicho kinachomjua: alileta kilo ngapi mwaka jana na mwaka juzi, na analipa madeni au hukwepa.

Wazo hili si geni. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, wakiongozwa na Joseph Merinyo, waliunda chama chao cha KNPA, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Kwa kukusanya kahawa pamoja walipata sauti mbele ya wanunuzi, na sehemu ya mapato ikaenda kwenye shule. Miaka ya 1950 Paul Bomani na wenzake walifanya vivyo hivyo kwa pamba ya Kanda ya Ziwa. Kisha mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu na kuzikabidhi kazi zake mamlaka za mazao. Sheria ya 1982 ilivirudisha, lakini vilirudi vikiwa na mtaji mdogo na imani ndogo zaidi ya wanachama. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, wanunuzi binafsi waliingia vijijini na fedha taslimu wakati vyama vingi vilikuwa na madeni.

Kilichobadilisha mambo upande wa korosho ni Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2005. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, unapimwa, anapewa risiti. Mzigo unapelekwa ghala kuu, mwendesha ghala anatoa stakabadhi, na hadi siku ya mnada karatasi hiyo ndiyo inayosimama badala ya korosho. Benki iliyokuwa ikikataa shamba la kimila ikakubali kukopesha juu ya stakabadhi, kwa kuwa mzigo upo, umepimwa na umefungiwa. Mfumo ulipoanza Mtwara msimu wa 2007/08, vyama vilichukua mikopo hiyo kumlipa mkulima malipo ya kwanza kabla ya korosho kuuzwa. Mnunuzi naye akalazimika kushindana kwa zabuni mbele ya watu.

Lakini stakabadhi hutolewa mavuno yakishaingia ghalani. Imemsaidia mkulima wa Oktoba. Yule wa Machi bado anapigiwa hodi. Ndiyo maana kangomba haijafa pamoja na amri zote za kuipiga marufuku. Mwaka 2018 serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki wa kuwatafuta wafanyabiashara wa kangomba uliwachelewesha wengi kulipwa, wakiwamo wakulima halali. Msako haulishi kaya mwezi Machi. Mkopo wa mapema unalisha.

Nani atoe mkopo huo? Sehemu ya jibu iko kwenye vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa. Mbinu yake inatokana na kazi ya shirika lisilotafuta faida la CARE, lililoianzisha Niger mwaka 1991. Shirika halikugawa mtaji, lilifundisha utaratibu. Wanachama hukutana kila wiki, hununua hisa na kugongewa muhuri kwenye madaftari yao. Fedha inakaa kwenye sanduku la makufuli matatu, funguo tatu kwa watu watatu, na sanduku lenyewe kwa mtu wa nne. Pembeni kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Mafunzo hugharamiwa mara moja. Kikundi kikishaelewa, kinajiendesha. Hapo ndipo fedha ya mfadhili inapofanya kazi kubwa kuliko ukubwa wake, na kinamama ambao hawakuwahi kuingia benki wanakuwa wenyewe ndio wakopeshaji. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imevitambua vikundi hivi rasmi.

Ila sanduku halitoshi kununua salfa ya kupulizia ubwiriunga kwenye mikorosho ya kata nzima. Hapo inatakiwa benki. Aprili 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Dodoma Benki ya Ushirika Tanzania, iliyojengwa juu ya benki ya ushirika ya Kilimanjaro, na vyama vikiwa wanahisa. Majirani zetu walitangulia: Co-operative Bank of Kenya ilisajiliwa mwaka 1965, ikaanza kazi 1968, na hata baada ya kuuza hisa kwa umma mwaka 2008 vyama vya ushirika vilibaki na hisa nyingi kuliko wengine wote. Leo ni miongoni mwa benki kubwa nchini humo.

Fedha peke yake nayo ina hatari yake. Mwaka 2013 huko Liwale, mkoani Lindi, nyumba za viongozi zilichomwa moto baada ya malipo ya pili ya korosho kuja pungufu ya matarajio. Hasira ile ilitokana na makato ambayo mkulima hakuelezwa na vitabu ambavyo hakuonyeshwa. Chama kisichowasomea wanachama hesabu zake kikikopeshwa, kinawapa tu viongozi wabovu fursa kubwa zaidi, na deni linabaki kwa mwenye shamba. Tume ya Maendeleo ya Ushirika na wakaguzi wa COASCO wapo, lakini mkaguzi wa kwanza ni mwanachama anayesimama kwenye mkutano mkuu na risiti zake mkononi.

Risiti hizo zina kazi nyingine. Mizani ya kidijitali imeanza kuingia kwenye vyama, na kumbukumbu ya kilo za kila mkulima kwa misimu kadhaa inaweza kupatikana. Kwa mkopeshaji makini hiyo ni dhamana tosha: mtu aliyeleta kilo 800 kwa misimu mitatu mfululizo anaweza kukopeshwa shilingi 100,000 mwezi Machi na kukatwa Oktoba mnadani, kupitia chama kilekile. Benki ya Ushirika ikianza na hilo kabla ya mikopo ya maghala na magari, mnunuzi wa kangomba atalazimika kutoa bei ya kweli au kutafuta biashara nyingine.