Mfuatano wa Kuwaka kwa Silinda: Maelezo ya Kiufundi na Mahitaji Yake ya Kiistilahi katika Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafafanua kanuni inayotawala mfuatano wa kuwaka kwa silinda katika injini zenye silinda nyingi. Inaonesha kwamba tarakimu zinazokaririwa na mafundi, kama vile 1-3-4-2, ni matokeo ya umbo la krenkishafti, wala si kaida tu ya kiwanda. Aidha, inajadili maneno mawili ambayo Kiswahili cha mafunzo ya ufundi hakina budi kuyatumia kwa uangalifu: kitenzi "kuwaka" na neno "kwanza".

Utangulizi

Katika gereji za Gerezani jijini Dar es Salaam, Grogan jijini Nairobi, Kisekka jijini Kampala na Gatsata jijini Kigali, mwanagenzi huupokea mfuatano wa kuwaka kama mtoto anavyolipokea jedwali la kuzidisha: kwa kukariri. Moja, tatu, nne, mbili. Kukariri huko kunatosha maadamu injini iliyo mbele yake ni ile aliyoizoea. Siku inapoletwa injini ya aina nyingine, au gari ambalo nyaya zake za plagi zimechomolewa zote na mtu aliyemtangulia, tarakimu alizonazo hazimwambii aanzie wapi wala azungushe upande gani.

Vitabu vya matengenezo navyo havimsaidii sana. Huja kwa Kiingereza, Kijapani au Kifaransa, lakini tatizo halipo katika lugha peke yake. Vitabu hivyo hutaja mfuatano bila kueleza sababu, kwa kuwa huandikiwa mtu anayedhaniwa kuwa amekwisha kuisoma sababu hiyo darasani. Kwa fundi wa Afrika Mashariki na Kati ambaye hakupita darasa hilo, kuvitafsiri vitabu hivyo kama vilivyo kutampatia tarakimu zilezile alizokwisha kuzikariri. Kinachohitajika ni maelezo yaliyoanzia katika Kiswahili chenyewe.

Hatua nne, mizunguko miwili

Injini ya kawaida ya gari hufanya kazi kwa hatua nne. Pistoni hushuka ikivuta hewa na mafuta, hupanda ikibana, husukumwa chini na mwako, kisha hupanda tena ikitoa moshi. Kila hatua ni nusu mzunguko wa krenkishafti, yaani ule mhimili wenye viwiko unaogeuza mwendo wa pistoni wa juu na chini kuwa mzunguko. Hatua nne, basi, huchukua mizunguko miwili kamili, ambayo ni nyuzi 720. Kati ya hatua hizo ni moja tu inayotoa nguvu. Tatu zilizobaki hula nguvu.

Injini yenye silinda moja hujikokota kupita hatua hizo tatu kwa uzito wa flaiwili. Silinda zikiwa nyingi, kazi hugawanywa: silinda moja ikiwa inasukuma, nyingine inabana, nyingine inavuta, nyingine inatoa. Ili msukumo ufike kwa vipindi sawa, nyuzi 720 hugawanywa kwa idadi ya silinda. Injini ya silinda tatu huwaka kila baada ya nyuzi 240, ya nne kila nyuzi 180, ya sita kila nyuzi 120, na ya nane kila nyuzi 90. Katika injini ya silinda sita, silinda inayofuata huanza kusukuma kabla ile iliyotangulia haijamaliza nusu mzunguko wake. Ndiyo sababu injini hiyo huhisiwa kuwa tulivu kuliko ya silinda nne.

Kiwiko ndicho kinachoamua

Injini ya silinda nne zilizopangwa katika mstari mmoja ingeweza, kwa hesabu ya karatasi, kuwaka kwa mifuatano sita tofauti inayoanzia silinda ya 1. Krenkishafti yake huondoa minne kati ya hiyo. Viwiko vya silinda ya 1 na ya 4 huelekea upande mmoja, na vya 2 na 3 upande wa pili. Pistoni mbili za mwishoni zinapokuwa kileleni, mbili za katikati huwa chini kabisa. Umbo hilo halikuchaguliwa kwa bahati: nusu ya mbele ya krenkishafti ni taswira ya nusu ya nyuma, na kwa hiyo injini haiyumbi kwa mwendo wa kupembea kati ya ncha zake mbili.

Baada ya silinda ya 1 kuwaka, nusu mzunguko ukipita, pistoni zilizo kileleni ni za 2 na 3. Inayofuata lazima iwe mojawapo ya hizo. Nusu mzunguko mwingine ukipita ni zamu ya 4, kwa sababu ya 1 imetoka kuwaka punde na bado inatoa moshi. Mwisho huwaka ile iliyobaki. Kwa hiyo mifuatano inayowezekana ni miwili tu: 1-3-4-2 na 1-2-4-3. Anayeuliza kwa nini injini isiwake 1-2-3-4 hujibiwa na krenkishafti yenyewe: baada ya silinda ya 2 kuwaka, ya 3 haiko kileleni. Iko chini, sambamba na ya 2.

Kati ya mifuatano hiyo miwili, kemshafti ndiyo inayochagua, kwa kuwa ndiyo inayofungua na kufunga valvu za kila silinda kwa wakati wake. Kemshafti huzunguka mara moja kila krenkishafti inapozunguka mara mbili, na katika injini yenye distributa, rota ya distributa huenda kwa kasi hiyohiyo ya nusu.

Hapa ndipo kosa moja maarufu la gereji linapoeleweka. Mfuatano 1-3-4-2 ukisomwa kinyumenyume kuanzia 1, hupatikana 1-2-4-3. Fundi anayezipanga nyaya kwenye kifuniko cha distributa akifuata mwelekeo usio wa rota, huwa ameiandikia injini ule mfuatano wa pili bila kujua. Silinda za 1 na 4 hupata cheche kwa wakati, ilhali za 2 na 3 hubadilishana. Cheche ya silinda ya 2 hufika wakati moshi unamalizika kutoka na valvu ya kuingizia mchanganyiko imeanza kufunguka, na moto unaweza kurudi kupitia kabureta. Injini hutetemeka, hukosa nguvu na kutoa mshindo. Anayezijua tarakimu tu huanza kubadilisha plagi na koili ambazo ni nzima, kwa gharama ya mwenye gari. Anayeijua sababu huitazama rota inazunguka upande gani.

Kwa silinda sita hoja hiyo hupata uzito zaidi. Mifuatano inayowezekana kwenye karatasi ni 120. Viwiko hupangwa kwa jozi, 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4, kila jozi ikitengana na nyingine kwa nyuzi 120. Krenkishafti ambayo jozi zake hufika kileleni kwa utaratibu huo huruhusu mifuatano minne tu: 1-2-3-6-5-4, 1-2-4-6-5-3, 1-5-4-6-2-3 na 1-5-3-6-2-4. Ukiitazama yote, ni huo wa mwisho peke yake ambao hakuna silinda mbili jirani zinazofuatana, na ndio uliotawala katika injini za silinda sita za mstari mmoja. Kutenganisha majirani hupunguza joto na mzigo unaoelemea sehemu moja ya krenkishafti na fani zake, na huziepusha silinda kunyang'anyana hewa.

Vitabu vingi vya mafunzo huitaja sababu hiyo ya majirani kana kwamba ndiyo kanuni kuu. Sivyo. Katika injini ya silinda nne haiwezekani kuwaepuka majirani: 1-3-4-2 ina 3 na 4, kisha 2 na 1. Kanuni kuu ni kiwiko. Ujirani huamua pale tu ambapo kiwiko kimeacha nafasi ya kuchagua.

Injini ya dizeli ya Toyota ya aina ya 1HZ, inayofahamika sana katika magari ya Land Cruiser ya miradi, mbuga na hospitali za eneo hili, huwaka 1-4-2-6-3-5. Fundi aliyekariri 1-5-3-6-2-4 huudhani kuwa mfumo mwingine kabisa. Kumbe ni uleule uliosomwa kinyume: jozi za viwiko zimepangwa kwa mzunguko wa upande wa pili, na majirani bado wametengwa.

Kuwaka, kuwashwa na kulipuka

Mfano huo wa dizeli unaleta suala la istilahi. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Hewa hubanwa hadi ikawa na joto la kutosha kuwasha mafuta yanaponyunyizwa ndani. Istilahi "mfuatano wa uwashaji", inayopendelewa na baadhi ya waandishi, humfanya mwanafunzi atafute kiwashio ambacho hakipo.

Kiswahili kina nyenzo ya kulitatua jambo hili katika unyambulishaji wake. "Washa" humtaka mtendaji. "Waka" husimulia hali ya kitu chenyewe. Silinda ya dizeli huwaka bila kuwashwa na cheche. Hata katika injini za petroli tofauti hiyo si ya wanasarufi peke yao. Injini nyingi za silinda nne zisizo na distributa hutumia koili mbili, moja kwa silinda za 1 na 4, nyingine kwa 2 na 3. Kila koili hutoa cheche katika silinda zake zote mbili kwa pamoja. Moja inabana na hivyo huwaka, nyingine inamaliza kutoa moshi na cheche yake hupotea bure. Uwashaji katika injini hiyo hufuata utaratibu wa 1 na 4, 2 na 3, 1 na 4, 2 na 3. Kuwaka hufuata 1-3-4-2. Istilahi moja ikibeba dhana zote mbili, mwalimu hataweza kulieleza jambo hilo bila kujipinga.

"Mfuatano wa milipuko" nao haufai, ingawa unavutia sikio. Katika injini nzima mafuta huwaka kwa ulimi wa moto unaosambaa kutoka kwenye plagi. Yanapolipuka kwa mkupuo ndipo injini inapogonga, na kugonga ni ugonjwa. Istilahi haifai kuipa kazi ya kawaida jina la hitilafu.

Silinda ya kwanza ni ipi?

Watengenezaji wengi huhesabu silinda kuanzia ncha iliyo mbali na flaiwili. Peugeot na Renault, kwa desturi, wameanzia kwenye flaiwili. Peugeot 504, iliyobeba abiria wa masafa marefu nchini Kenya kwa miaka mingi, ilikuwa na mfuatano wa 1-3-4-2 kama jirani zake wa Kijapani, lakini "moja" yake ilikuwa upande wa pili wa injini.

Ajabu ni kwamba mfuatano huo hauharibiki ukihesabiwa kutoka ncha nyingine. Badili 1 iwe 4 na 2 iwe 3: 1-3-4-2 inakuwa 4-2-1-3, ambayo ikianzia 1 ni 1-3-4-2 ileile. Hali ni hiyohiyo kwa 1-5-3-6-2-4. Kwa sababu hiyo kosa la kuhesabu hujificha mpaka siku ya kutafuta hitilafu. Kifaa cha uchunguzi kikisoma P0301, maana yake ni kwamba silinda ya 1 haiwaki ipasavyo. Fundi aliyeanzia ncha isiyo sahihi atafungua silinda ya 4 na kuikuta salama.

Injini za V8 za Marekani huonesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Ford huhesabu safu ya kulia 1 hadi 4 kutoka mbele, kisha ya kushoto 5 hadi 8. General Motors huipa safu ya kushoto namba witiri na ya kulia namba shufwa. Mfuatano wa Ford wa 1-3-7-2-6-5-4-8 na ule wa injini za LS za General Motors wa 1-8-7-2-6-5-4-3 huonekana kuwa vitu viwili. Ukizihamisha namba za Ford katika hesabu ya General Motors, utakuta silinda zilezile, mahali palepale, zikiwaka kwa zamu zilezile.

Maneno "kulia" na "kushoto" katika maelezo hayo hupimwa kwa mtu aliyeketi garini akitazama mbele. Miongozo ya Marekani mara nyingi husema "upande wa dereva", na tafsiri ya moja kwa moja ya maneno hayo ni hatari katika eneo hili. Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, na kwa gari lililoundwa kwa ajili ya barabara hizo dereva huketi kushoto. Tanzania, Kenya na Uganda ni kinyume chake. Sentensi moja ya Kiswahili, ikisomwa Bujumbura na Dodoma, itaelekeza kwenye safu mbili tofauti za silinda.

Kwa faharasa ya mafunzo ya ufundi inayokusudiwa kutumika katika nchi zote hizi, kidahizo kinachopendekezwa ni hiki: "mfuatano wa kuwaka: utaratibu ambao silinda za injini huingia katika hatua ya mwako moja baada ya nyingine, ukianzia silinda ya 1, katika injini ya hatua nne hukamilika ndani ya nyuzi 720 za krenkishafti." Kidahizo cha "silinda ya 1" kinapaswa kusimama peke yake, kikitaja ncha ya kuhesabia kwa kila mtengenezaji, na kikitumia flaiwili kuwa alama ya marejeo badala ya "mbele", kwa kuwa katika magari mengi ya sasa injini imelazwa kwa upana na mbele yake haielekei mbele ya gari.