Kiti cha pikipiki ya zamani: tupime kwanza

Wamama wenzetu, Yamaha za zamani zingali zinatubeba Burungu hadi Kitchanga, sokoni na hospitalini. Kiti kikichakaa, tusinunue kingine kwa jina «Yamaha» tu. Cha DT 125 ni kirefu, cha watu wawili. Cha AG 100 ni kifupi, nyuma yake kuna chuma cha mizigo. Anayetumwa Goma abebe kiti cha zamani, alinganishe matundu ya boliti, urefu na upana. Kisicholingana kitafungwa kwa kamba, na kamba hulegea njiani penye mashimo, mama na mtoto wakiwa wamekikalia. Ikiwa sehemu ya chini ni nzima, fundi abadilishe sponji na kitambaa cha juu tu. Hicho hakikosei vipimo.