Fort Jesus Yahitaji Saa Ngapi?

Mgeni anayeingia Fort Jesus, ngome ya Mombasa, saa nne asubuhi, huku basi lake likiondoka saa tano, hutoka na picha tele kwenye simu na machache kichwani. Umakini wa binadamu una kikomo, na wataalamu wameuchunguza kwa zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1916, Benjamin Ives Gilman wa makumbusho ya sanaa ya Boston, Marekani, alichapisha picha za mtu akiinama na kujipinda ili aone vitu ndani ya makabati ya kioo. Alionyesha kwamba uchovu huanzia mwilini. Kusimama tuli nako huchosha: misuli ya vigimbi isipofanya kazi, damu hutuama miguuni badala ya kusukumwa kurudi moyoni.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kutoka Metropolitan Museum, New York, ulikuta kwamba watu walitazama kila kazi ya sanaa kwa wastani wa sekunde 27. Kwa mwendo huo, kazi zipatazo 35,000 zilizoko kwenye maonyesho ya Louvre, Paris, zingechukua zaidi ya saa 260. Kupanga muda, basi, ni kuchagua.

Ngome yetu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, haina wingi huo, ila ina jua la Mombasa. Hewa yenye unyevu huchelewesha jasho kukauka, na lisipokauka mwili haupoi. Anza mapema na kuta, buruji na mizinga. Jua likipanda, ingia ukumbini. Usikimbilie makabati. Macho yaliyotoka kwenye mwanga mkali huhitaji dakika kadhaa kuzoea nuru hafifu.

Humo chagua kisa kimoja. Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira ngome hiyo. Wapiga mbizi waliichimbua merikebu hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970. Chombo kimoja kilichoopolewa humo kinastahili dakika kumi: kilitengenezwa wapi, nani alikitumia, kwa nini kilisalimika? Kisha keti, unywe maji, ndipo uendelee na Nyumba ya Waomani iliyomo ngomeni.

Tenga asubuhi nzima. Mkazi wa Mombasa aligawe zoezi hili kwa siku mbili, kwani kurudi kwake ni rahisi. Mwalimu anayeleta darasa alipe kila kundi chumba kimoja na swali moja, kisha wanafunzi wafundishane. Hivyo darasa litaiona ngome nzima bila mtoto yeyote kulazimika kuikimbiza.