Alikuwa Anakujua?

Msanii mkubwa akifariki, hosteli zetu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linaweka picha yake kwenye stetasi na kupiga nyimbo zake mpaka usiku wa manane. Kundi la pili linauliza swali moja tu: "Sasa wewe unalia nini, kwani alikuwa anakujua?"

Linaulizwa kwa kejeli, lakini ni swali zuri. Jibu lake fupi ni hapana, hakunijua. Jibu refu ndilo limenifanya niandike makala hii, maana naamini wanaolia hawaigizi. Wanaocheka nao wameona kitu cha kweli, ila wamekitafsiri vibaya. Walichokiona ni mtu mwenye huzuni ya msiba ambaye msibani hana kazi yoyote ya kufanya.

Tuanze na msiba ambao karibu kila mmoja wa rika letu anaukumbuka, hata kama alikuwa mdogo. Steven Kanumba alifariki Dar es Salaam usiku wa kuamkia Aprili 7, 2012, akiwa na miaka 28. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nasoma shule ya msingi huku kwetu Turwa, Tarime. Kutoka Turwa mpaka Dar es Salaam ni safari ya basi ya siku nzima na zaidi, na ninaowajua mimi mtaani kwetu hakuna aliyewahi kumwona Kanumba kwa macho. Tulimwona kwenye vibanda vya video, tumebanana kwenye mabenchi. Lakini siku ile akina mama walikaa vikundi vikundi kama vile mtu wa mtaani ndiye amekufa. Aprili 10 aliagwa viwanja vya Leaders, Kinondoni, kisha akazikwa makaburi ya Kinondoni. Umati ulikuwa wa makumi ya maelfu, watu wakawa wanazimia na kubebwa. Serikali nayo ilikuwepo. Kwa mwigizaji wa filamu, tena kijana, nchi hii ilikuwa haijaona kitu kama kile.

Sasa, saikolojia inasemaje? Mwaka 1956 wanazuoni wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu kitu walichokiona televisheni ilipoanza kuingia majumbani. Mtazamaji anaanza kumchukulia mtangazaji kama rafiki. Anamjua sauti, anamjua anavyocheka, anajua atakachosema kabla hajasema. Ni urafiki wa upande mmoja, lakini upande ule mmoja ni wa kweli. Ubongo hauna droo mbili, moja ya watu wanaotujua na nyingine ya watu tunaowajua sisi tu. Sauti uliyoisikia kila siku kwa miaka kumi inakaa pale pale inapokaa sauti ya mjomba wako.

Kuna jambo la pili ambalo watu wa ualimu tunalisoma kwenye saikolojia ya makuzi. Muziki unaosikia ukiwa balehe mpaka miaka ya ishirini na kitu unashika kuliko muziki wa umri mwingine wowote, kwa sababu ndio umri ambao mtu anajitafuta yeye ni nani. Albert Mangwea, yaani Ngwea, alipofariki Johannesburg Mei 28, 2013, kaka zetu waliokuwa sekondari wakati Ghetto Langu inavuma hawakumlilia Ngwea peke yake. Walikuwa wanalilia chumba walichopanga, marafiki waliotawanyika, na wao wenyewe walivyokuwa kabla ya maisha kuwabana. Mtu mmoja anakufa kule, na huku kipande cha ujana wako kinafungwa. Ukimwambia mtu kama huyo "hakukujua", umemjibu swali ambalo hakuuliza.

Lakini mbona tunawaona kama wanazidisha? Hapa inabidi nirudi Tarime kidogo.

Kwetu Ukuryani msiba ni kazi. Yowe likipigwa, kila mtu anajua nafasi yake. Vijana wanachimba kaburi, na marehemu anazikwa nyumbani kwake, kwenye mji wake. Wengine wanapasua kuni. Akina mama wanateka maji na kupika. Wazee wanakaa kuzungumzia madeni, ng'ombe wa mahari na watoto waliobaki. Usiku wanaume wanaota moto nje mpaka kunakucha. Hakuna anayekuuliza unajisikiaje, na wala huhitaji kusema. Huzuni inaishia mikononi, kwenye jembe na kwenye sufuria. Siku matanga yanapoondolewa umechoka mwili, na kule kuchoka kumeshafanya kazi kubwa ambayo maneno yasingeifanya.

Msanii alikuwa ndani ya utaratibu huo huo. Mpiga litungu, lile zeze letu kubwa la nyuzi nane, alikuwa jirani. Watu waliocheza kwenye harusi kwa nyuzi zake ndio hao hao walioweza kufika kwake na majembe siku akifa. Shabiki na mchimba kaburi walikuwa mtu mmoja.

Redio ndiyo iliyowatenganisha. Chukua Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro. Alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Kwa wakati huo sauti yake ilikuwa imeshaingia kwenye nyumba za watu ambao Morogoro wanaisikia tu kwenye somo la jiografia, na mpaka leo wapo wazee wa kwetu ambao ukiwawekea gitaa lake wananyamaza. Watu hao walifiwa, lakini kaburi liko mbali, familia hawaijui, hawana pa kupeleka kuni. Mtaalamu mmoja wa masuala ya huzuni, Kenneth Doka, mwaka 1989 alitoa kitabu kuhusu huzuni ambayo jamii haiipi kibali: mtu amepoteza, ila hana haki ya kukaa mkekani na wafiwa. Hakuandika kuhusu mashabiki wa muziki peke yao, lakini maneno yake yanawakaa sawasawa.

Mtu asiye na kazi msibani anajitafutia. Ukilitazama hivyo, mambo mengi tunayoyacheka yanaeleweka. Kupiga nyimbo za marehemu siku nzima kijiweni kwa bodaboda ni kukesha. Kubadilisha picha ya WhatsApp ni kuvaa kaniki. Mwili wa Ngwea ulipofika kutoka Afrika Kusini, watu walienda kuupokea uwanja wa ndege, wakamuaga Leaders, kisha msafara ukaenda Morogoro alikozikwa, Kihonda. Wengi kwenye safari ile hawakuwa ndugu. Walikuwa wanatafuta namna ya kushika jeneza, hata kwa kulifuata nyuma kwa gari.

Wakati mwingine kazi wanayojipa mashabiki inadumu kuliko sanamu. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kongo akawa wetu kabisa, alifariki Desemba 2010. Ukipanda daladala ya Sinza mpaka leo konda anaita kituo "kwa Remmy", na abiria anashuka bila kufikiria. Kituo kilianza kuitwa hivyo kwa sababu mzee aliishi pale, lakini jina limebaki baada yake na linatamkwa kila siku na watu ambao wengine hawajui hata wimbo wake mmoja. Kongo kwenyewe, Franco alipofariki Oktoba 1989, serikali ya Zaire ilitangaza siku nne za maombolezo ya kitaifa. Pale dola iliwapa mashabiki kibali cha kulia. Sisi mara nyingi tunajipa wenyewe.

Ila huzuni isiyo na kazi ina upande mbaya, na hapa wenzangu mashabiki mnisikilize. Kwenye msiba wa nyumbani, wazee wapo wa kuzuia maneno. Kijana akianza kumnyooshea mtu kidole, anakalishwa chini. Kwenye msiba wa nchi nzima hakuna mzee wa kukalisha mtu. Baada ya kifo cha Kanumba, mwigizaji mwenzake Elizabeth Michael, tuliyemfahamu kama Lulu, alifikishwa mahakamani, na umri wake tu, kama ametimiza miaka 18 au la, ulikuwa hoja ya kisheria. Mahakama Kuu ilitoa hukumu Novemba 2017: kuua bila kukusudia, kifungo cha miaka miwili. Mtaani hukumu ilikuwa imetolewa miaka mitano na nusu kabla. Nakumbuka watu wazima wakimtukana binti yule kwenye kibanda kile kile cha video tulikokuwa tukimtazama. Sasa naona kwamba wengi wao walikuwa na uchungu na hawakuwa na kuni za kupasua, basi wakampasua yeye. Kuelewa hivyo hakufanyi jambo lile liwe sawa.

Na kuna jambo la fedha, ambalo kwenye msiba wa kawaida halisahauliki hata siku moja. Kwetu huondoki bila kutoa rambirambi. Shabiki je? Mwaka 2018 mzee wetu wa vichekesho, Amri Athumani, King Majuto, aliugua mpaka michango ikapitishwa ili atibiwe. Huyu ni mtu ambaye sura yake ilikuwa kwenye kanda na matangazo nchi nzima. Maswali yaliibuka kuhusu mikataba aliyosainishwa na wale waliokula jasho lake. Alifariki Agosti 8, 2018, akazikwa Tanga, na nchi ikalia. Mimi pia nililia. Lakini filamu zake nilizotazama zilikuwa za kunakiliwa kwenye flashi, mia tano kwa filamu nne, na katika hiyo mia tano hakuna hata shilingi iliyoelekea Tanga.

Wengi wetu hatujui kwamba hapa ndipo ilipo ile kazi ya msibani tunayoitafuta. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo. Haki haizikwi naye, inahamia kwa warithi. Maana yake, wimbo wa marehemu ukichezwa kwa kufuata utaratibu, redioni, kwenye baa au kwenye majukwaa ya mtandaoni yanayolipa, kuna mama mzazi au mtoto mahali fulani anayestahili kupata chochote. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ipo kwa ajili ya mambo hayo. Kusikiliza nyimbo za marehemu usiku kucha ni kukesha kuzuri, lakini ukisikiliza kwenye faili la wizi ulilorushiwa na mwenzako wa chumba, umekesha kwenye msiba na rambirambi umeondoka nayo mfukoni. Najua bumu likiisha maneno haya ni magumu. Majukwaa mengine yanakubali kusikiliza bure kwa matangazo, na bado mwenye kazi anahesabiwa.

Kwa wenzangu wa ualimu ninaongeza moja. Tutakuwa madarasani siku msanii mwingine akifa, na kidato cha pili watakuja macho mekundu. Tukiwauliza kama alikuwa anawajua, tutakuwa tumewafukuza msibani. Mimi nimepanga kuwapa kazi: waandike, waimbe, wachore ukutani, wahesabu marehemu alitoa nyimbo ngapi na nani anamiliki kila mmoja.

Mashairi aliyotunga Ngwea yatalindwa mpaka mwaka 2063. Mwaka huo mimi, Mungu akipenda, nitakuwa na miaka 60, nakabidhi chaki na kwenda kustaafu, na wimbo wa chumba cha kupanga utakuwa bado una mwenyewe.