UNYAMAVU NA MANENO YA KANGA

Haifichiki kwa wasomaji wetu kwamba unyamavu ni pambo la Muislamu. Walivyopokea Maimamu Bukhari na Muslim, Mtume wetu (S.A.W.) amemtaka kila mwenye imani aseme la kheri, na akilikosa anyamaze. Basi ni unyamavu gani uliokusudiwa?

Na tutazame Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam uliopewa jina kwa ajili ya kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, katika Vita Kuu vya 1914-1918. Nyumba nyingi za huko zilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na uani nyuma uliokuwa wa wapangaji wote. Leo ghorofa zimeshika mahali pa nyingi katika hizo, wala haki ya jirani haikupungua.

Karibu na hapo, katika maduka ya Mtaa wa Uhuru, huuzwa kanga. Kila kanga ina pindo, mji na jina, na jina hilo ndiyo maneno yake. Zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mengi ni dua, shukrani na nasaha njema. Lakini yapo ya mafumbo na vijembe. Bibi aliyekosana na jirani yake huichagua kanga hiyo kwa makusudi, akajifunga, akapita mbele ya mwenziwe. Akiulizwa hujibu: "Mimi sikufungua kinywa."

Sisi twasema: amesema, tena amesema sana. Katika Suratul Humaza, Mwenyezi Mungu amewaonya vikali wenye kusengenya na kukashifu, na wafasiri wameeleza kuwa aibu hiyo huingia hata katika ishara ya jicho na mkono. Ikiwa kukonyeza kwahesabiwa, sembuse maneno yaliyopigwa chapa nguoni? Na neno la kinywa hupita, bali kanga hufuliwa ikavaliwa tena.

Wala waume wasijione wamesalimika. Mfanyabiashara anayeijua kasoro ya bidhaa yake akamnyamazia mnunuzi, unyamavu wake ni hadaa. Na wawili walionuniana wasisalimiane wamevunja amri ya Mtume (S.A.W.), aliyekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu.

Kwa hiyo, aliyeudhiwa ana njia mbili njema. Amwendee mwenziwe faraghani, amweleze kwa upole lililomchoma. Au asamehe, kisha anyamaze kwa kinywa, kwa jicho na kwa nguo. Na aliye na kanga ya kijembe sandukuni asiivae kwa ajili ya mtu. Unyamavu wa kweli ni ule ambao jirani hulala salama kwa sababu yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi za kheri na nyoyo safi. Amin.